Sadaka ya Maafa: Kuikusanya, Kuifikisha na Kuitolea Hesabu

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Kabla ibada ya pili haijaisha, simu zilikuwa zimejaa picha: tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang yamepita katikati ya mji wa Katesh, mkoani Manyara, na vijiji vilivyo chini ya mlima, alfajiri, watu wengi wakiwa bado vitandani. Waliokufa walizidi 80. Baadaye Serikali ilieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba laini ilinyonya maji ya mvua mpaka ikaelemewa ikamomonyoka.

Usharika wetu uko zaidi ya kilometa 200 kutoka Katesh. Jioni ile ile tulianza kukusanya, na tulikusanya vibaya. Tulitangaza tu kwamba kila mtu alete alicho nacho, na kufikia Jumatano tulikuwa na magunia 14 ya nguo: suti, magauni ya harusi, viatu vyembamba vya kisigino kirefu, sweta zisizo na vifungo. Tuliongeza unga, tukakodi gari, tukafunga safari. Tulipofika, mama mmoja aliyejitanda khanga alitupokea vizuri, akatushukuru, kisha akamwambia mchungaji wetu kwa upole: “Baba Mchungaji, nguo tumeletewa nyingi. Sufuria ndiyo hatuna. Unga huu tutaupikia nini?”

Niko kwenye kamati ya diakonia, yaani ya huduma kwa wenye shida, na swali lile sijaweza kulisahau. Haya ninayoandika hapa ndiyo tuliyojifunza tangu siku ile. Nimeyaandika kwa lugha ya usharika kwa sababu ndiko niliko. Wewe wa parokia weka jumuiya ndogondogo na kigango mahali panapohusika, na wewe wa kanisa la kipentekoste unajua nani kwenu anashika daftari.

Hatua ya 1: Angalieni kwanza kitakachosemwa mimbarani

Mtu anaweza kudhani hili si jambo la vitendo. Ni la vitendo sana, kwa sababu linalosemwa mimbarani ndilo linaloamua mkono utaingia mfukoni kwa roho gani.

Baada ya kila janga hujitokeza mhubiri wa kueleza kwamba mahali pale palikuwa na dhambi fulani, ndiyo maana Mungu amepapiga. Bwana Yesu alikutana na mawazo ya namna hiyo. Katika Luka 13 anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, kisha anauliza kama wasikilizaji wake wanadhani wale walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu. Jibu lake ni sivyo, na toba anawaelekezea walio hai wanaomsikiliza. Mchungaji akitaka kuhubiri toba wiki hiyo, basi atuhubirie sisi tulio kwenye mabenchi. Asiwahubirie marehemu wa Katesh.

Kuna pia sababu za kidunia ambazo Mkristo hana haja ya kuzikimbia. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, kule Mai Mahiu nchini Kenya, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, mahali ambapo njia yake ilikuwa imeziba kwa takataka na udongo, yalipasua yakashuka na kuua watu zaidi ya 50. Kuzibua kalavati kabla ya masika nako ni kumpenda jirani. Semeni hivyo kanisani.

Somo ninalopendekeza lisomwe Jumapili ya changizo ni Matendo ya Mitume 11, kuanzia mstari wa 27. Nabii Agabo anatabiri njaa. Wanafunzi wa Antiokia hawakai kujadili Yudea imekosa nini. Wanaazimia kupeleka msaada, kila mtu kwa kadiri ya alivyofanikiwa, na wanautuma kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Mistari minne tu, lakini ndani yake mna uamuzi, kiwango cha kutoa na majina ya wapelekaji. Mwongozo wote huu umesimama hapo.

Hatua ya 2: Pigeni simu kabla ya kupitisha kikapu

Hapa ndipo sisi tulipokosea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Simu ya kwanza mpigieni mchungaji, mwinjilisti au paroko wa eneo lenyewe. Yeye anajua nani amezikwa, nani yuko hospitali, na nani amehifadhi wageni 12 katika vyumba viwili bila kujiandikisha popote. Simu ya pili ni ya upande wa Serikali. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, na chini yake kuna kamati za maafa kuanzia kijiji hadi taifa. Kwa usharika wa kawaida mlango wa kuingilia ni ofisi ya mkuu wa wilaya au mtendaji wa kata. Wao ndio wanaojua vifaa vinapokelewa wapi, barabara ipi inapitika na kambi ipi imeshapata nini. Msalaba Mwekundu huwa nao wako pale mapema. Kama mna mwanachama wao usharikani, mtumieni.

Maswali ya kuuliza tuliyaandika kwenye karatasi na kuibandika ndani ya kabati la ofisi. Kaya ngapi? Zimehifadhiwa wapi, shuleni, kanisani au kwa ndugu? Kitu gani kimeletwa kingi mno? Kitu gani hakijaletwa kabisa? Mna jiko na kuni? Kuna watoto wachanga wangapi, wajawazito wangapi, wazee wangapi? Fedha ikitumwa, inaweza kununua kitu huko au soko limekufa?

Swali la tatu watu wengi hawaliulizi. Lingetuokoa na magunia 14.

Kila janga lina mahitaji yake. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilibomoa au kupasua nyumba kwa maelfu, na hata shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikaharibika kiasi cha kuhitaji kujengwa upya. Pale mtu anaweza kuwa na mahindi yake ghalani na sufuria zake zote, lakini anaogopa kulala chini ya ukuta wenye ufa. Anachohitaji ni turubai usiku huo, na bati, misumari na saruji baadaye. Mafuriko nayo huharibu maji ya kunywa: visima vinachanganyika na vyoo, kipindupindu kinanyemelea. Kwa hiyo dawa ya kutibu maji, ndoo zenye mfuniko na bomba, sabuni na vyandarua vinatangulia. Maporomoko ya tope hayaachi kitu: kijiko, kitabu cha shule, cheti cha kuzaliwa, vyote vimezikwa. Na ukame huja polepole, hauna picha za kutisha siku ya kwanza, ndiyo maana sadaka yake huchelewa sana kuliko zote.

Hatua ya 3: Wekeni watu, wekeni daftari, wekeni akaunti

Mtume Paulo alipokuwa akikusanya sadaka kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, hakukubali kuibeba peke yake. Aliwaambia Wakorintho wachague wenyewe watu wanaowaamini, naye atawatuma wakiwa na barua. Katika 2 Wakorintho 8 anaeleza sababu: hakutaka mtu apate pa kulaumu, akajali yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Kama Paulo alijilinda hivyo, mzee wa kanisa wa leo asione ametukanwa anapoombwa stakabadhi.

Chagueni watu watano. Sisi tulichagua mhazini, mama mmoja wa diakonia, kijana mmoja anayejua kutengeneza hesabu kwenye kompyuta, fundi au mfanyabiashara anayejua bei za sokoni, na mzee mmoja asiye na cheo kingine chochote. Wasiwe ndugu, wala mke na mume. Mchungaji awe mwangalizi, asishike fedha, kwa faida yake mwenyewe.

Fedha zipite kwenye akaunti ya kanisa iliyopo, yenye watia saini wasiopungua wawili. Msifungue akaunti mpya kwa haraka ya janga. Baada ya tetemeko la Kagera ziliibuka tuhuma kwamba kuna akaunti ya pili yenye jina linalofanana na ile ya maafa iliyotangazwa, na maneno hayo yalivunja mioyo ya watu wengi waliokuwa wakijiandaa kutoa. Kwa upande wa simu, tumieni lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la kanisa, ili mtumaji anapobonyeza aone jina la kanisa kabla ya kuweka namba ya siri. Namba binafsi ya mtu, hata akiwa mtakatifu kiasi gani, isitangazwe.

Tahadhari nyingine ni ya kundi la WhatsApp. Likitokea janga, hazipiti saa nyingi kabla ya kuingia ujumbe wenye picha ya mtoto anayelia na namba ya kutuma hela, umesambazwa mara nyingi mno, hakuna anayejua umetoka wapi. Waambieni waumini waziwazi: kama tangazo halikusomwa kanisani wala kutumwa na katibu wa usharika, msitume.

Hatua ya 4: Kuchangisha bila kumbana mtu

Lengo lenye namba linasaidia. Mtu akisikia “tunataka kulisha kaya 40 kwa siku 7” anaelewa kuliko akisikia “tuwasaidie wenzetu”. Ila lengo hilo liwe la usharika mzima. Kila linapozuka janga, kuna mtu atasimama kwenye kikao na kupendekeza kila kaya itoe 10,000, asiyetoa aandikwe. Mpinge kwa heshima. Mungu humpenda yeye atoaye kwa moyo wa ukunjufu, na hakuna ukunjufu kwa mama anayeuza mchicha akijua jina lake litasomwa Jumapili ijayo. Wale Wamakedonia ambao Paulo aliwasifu walitoa katika umaskini mkubwa, wakaomba wenyewe waruhusiwe kushiriki. Hakuna aliyewapangia.

Kuhusu kusoma majina ya waliotoa: mimi nasema yasisomwe. Mathayo 6 inataka mkono wa kushoto usijue linalofanywa na wa kuume. Lakini wapo wanaoutumia mstari huo huo kuficha hesabu, na huko ni kuupotosha. Jina la mtoaji lifichwe, jumla itangazwe hadi shilingi ya mwisho.

Njia za kukusanya ni zile mnazozijua: kikapu cha pili baada ya sadaka ya kawaida, bahasha za jumuiya za katikati ya wiki, na lipa namba kwa walio safarini. Msisahau mnada. Kwetu, muumini asiye na fedha huleta kuku, mkungu wa ndizi, mayai au debe la mahindi, na baada ya ibada vinanadiwa nje ya kanisa. Wiki ile ya Hanang, jogoo mmoja aliuzwa mara nne: kila aliyemnunua alimrudisha apigwe mnada tena. Bibi aliyemleta alikuwa amesimama pembeni na fimbo yake akitazama jogoo wake akizaa hela ambazo yeye hajawahi kuzishika. Mnada una faida moja zaidi: unageuza vitu vizito na vinavyooza kuwa fedha, na fedha ndiyo inayosafiri vizuri.

Watoto wa shule ya Jumapili nao wapewe nafasi yao. Sarafu zao zihesabiwe peke yake na jumla yake itajwe.

Mkitaka kuchangisha nje ya kanisa, sokoni au stendi, nendeni kwanza ofisi ya mkuu wa wilaya muulize utaratibu.

Kuhesabu kufanyike siku hiyo hiyo, watu watatu wakiwapo, mlango ukiwa wazi. Waandike kiasi kwa namba na kwa maneno, waweke saini, fedha ziende benki Jumatatu asubuhi.

Hatua ya 5: Pigeni hesabu ya kaya, kisha nunueni karibu na wenye shida

Mgao unaotumika sana katika misaada ya chakula ni kama gramu 400 za nafaka kwa mtu mmoja kwa siku, gramu 60 za maharage au jamii ya kunde, gramu 25 za mafuta na gramu 5 za chumvi. Chukua kaya ya watu 5 kwa siku 7. Inahitaji unga kilo 14, maharage kilo 2 na kidogo, mafuta karibu lita 1, na chumvi gramu 175, ambayo pakiti ndogo moja inatosha. Kwa kaya 40 hiyo ni unga kilo 560, sawa na mifuko 23 ya kilo 25, maharage kilo 84, chupa 40 za mafuta za lita 1. Tulipoiandika hesabu hii ubaoni, wazee waliacha kubishana. Kabla ya hapo mmoja alikuwa anasema tununue mchele wa sikukuu, mwingine biskuti.

Maji: kiwango cha chini kinachokubalika kwenye maafa ni lita 15 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupika na usafi. Kaya ya watu 5 inataka lita 75, karibu madumu manne ya lita 20 kila siku. Ukiona hesabu hiyo utaelewa kwa nini katoni za maji ya chupa hazifiki mbali, na kwa nini dumu tupu na dawa ya kutibu maji vina thamani kubwa.

Kwa kaya iliyopoteza vyote, fungashio letu sasa lina sufuria mbili na mwiko, sahani na vikombe vitano vitano, kisu, ndoo yenye mfuniko, dumu, mkeka, mablanketi mawili, sabuni za mche, kiberiti, tochi, khanga doti moja na taulo za kike. Hizo za mwisho zilikosekana safari ya kwanza kwa sababu orodha iliandikwa na wanaume watupu. Siku hizi orodha yetu haipiti bila akina mama kuisoma.

Vitu vya kuacha: dawa za hospitali zilizobaki majumbani, vyakula vinavyokaribia kuisha muda, na maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Hayo ya mwisho watu huyaleta kwa upendo mkubwa, lakini kwenye kambi yenye maji machafu maziwa ya unga huweza kumuua mtoto kwa kuhara, na humfanya mama aache kunyonyesha. Msaidieni mama ale vizuri anyonyeshe. Mtoto asiye na mama mpelekeni kwa wahudumu wa afya, wao wana utaratibu wake. Nguo pelekeni pale tu mlipoambiwa zinahitajika. Ziwe zimefuliwa, zimetengwa za watoto, za kike na za kiume, na ziwe nguo ambazo wewe mwenyewe ungevaa kwenda kanisani.

Nunueni mji ulio karibu na janga ambao soko lake ni zima. Kwa Katesh, sisi tungenunua Babati badala ya kubeba unga kutoka Arusha: tungeokoa usafiri, na fedha zingebaki kwa wafanyabiashara wa mkoa ule ule ulioumia. Pale ambapo duka zimefunguka na watu wana simu zao, kutuma fedha moja kwa moja kwa kaya zilizothibitishwa na kamati ni bora zaidi. Mama mwenye watoto wanne anajua kilichopungua kwake kuliko kikao chochote cha usharika. Mkituma hivyo, ongezeni na ya kutolea, ili asikatwe kwa wakala.

Janga likiwa mbali, kama kimbunga Idai kilichoipiga Beira nchini Msumbiji Machi 2019, usharika mmoja usijaribu kwenda. Pitisheni kwenye ofisi kuu ya kanisa lenu au shirika la misaada la Caritas kwa Wakatoliki, mkieleza kwa maandishi fungu ni la nini.

Hatua ya 6: Safari

Watu wanne wanatosha. Basi zima la waimbaji ni mzigo kwa watu wasio na choo cha kutosha. Bebeni chakula chenu, maji yenu na mahali pa kulala mpange wenyewe. Wanaoomboleza wasije wakachinja kuku wao wa mwisho kwa ajili ya wageni, maana watamchinja, ndivyo tulivyolelewa.

Chukueni barua ya utambulisho kutoka kwa mchungaji kiongozi yenye majina ya wasafiri, orodha ya vitu na kiasi chake, nakala mbili. Moja inabaki kwa anayepokea, nyingine inarudi ikiwa na saini na muhuri. Mkifika ripotini kwanza ofisi inayosimamia misaada, hata kama mchungaji mwenyeji amewaambia njooni moja kwa moja kwangu.

Hatua ya 7: Kugawa na kukaa

Msigawe kutoka juu ya gari. Nimeona vijana wenye nguvu wakidaka na wajane wakirudi mikono mitupu. Gawieni kwa orodha ya kaya, jina kwa jina, wazee na wajawazito na wenye ulemavu wakitangulia na wakiwa na mahali pa kukaa wakati wa kusubiri. Kila mmoja aweke saini au dole gumba. Walio na ndugu mtaani wasisahaulike eti kwa sababu hawako kambini.

Mgao usiulize dini. Chini ya Hanang kuna Wakristo wa makanisa mbalimbali, kuna Waislamu, na kuna wazee wa Kibarabaig wanaoshika dini ya baba zao, tope halikuwachagua. Mafuriko ya Rufiji na Kibiti ya Aprili 2024 yaliwakuta watu ambao wengi wao ni Waislamu, mwanzoni mwa mwezi wakiwa bado kwenye mfungo wa Ramadhani. Kanisa linalopeleka huko lizungumze na imamu wa eneo, liulize saa ya kugawa isiyoingilia futari wala sala, na nyama ya kopo isiyojulikana ilikochinjwa ibaki nyumbani. Msaada usiambatanishwe na mkutano wa injili. Msamaria katika mfano wa Bwana alimwaga mafuta na divai kwenye majeraha, akalipa gharama za nyumba ya wageni, akaondoka.

Kupiga picha: vitu vikiwa vimepangwa, gari, makabidhiano na kiongozi, inatosha. Uso wa mtoto aliyepoteza wazazi si risiti ya usharika wenu.

Kisha kaeni. Hili huwezi kulikodishia gari. Mkeka ukitandikwa, vua viatu, keti chini, sema “poleni sana”, nyamaza. Ukiombwa kuomba, omba kwa ufupi. Usiseme “Mungu amempenda zaidi”, wala “shukuruni mmebaki ninyi”, wala usianze hadithi ya msiba wako. Rafiki zake Ayubu waliketi naye chini siku saba wasiseme neno, na hizo ndizo siku walizofanya vizuri. Kama mtu anataka kusimulia, msikilize mpaka mwisho hata kama dereva anaita.

Mama yule wa sufuria nilikaa naye karibu saa nzima. Hakuzungumza habari ya nyumba. Alizungumza juu ya ng'ombe wake mmoja, jina lake, rangi yake, na kiasi cha maziwa alichokuwa akitoa asubuhi. Mumewe alimtaja mara moja tu, mwishoni.

Hatua ya 8: Hesabu

Jumapili baada ya kurudi, bandikeni ubaoni karatasi moja: kilichoingia kwa kikapu, kwa simu, kwa mnada; kilichotoka kwa kila kitu na bei yake; usafiri na mafuta ya gari; kilichobaki. Kama kuna kilichoharibika njiani, kiandikwe. Sisi tuliandika pia magunia 14 ya nguo ambayo hayakuhitajika, na watu hawakukasirika. Changizo lililofuata lilikuwa kubwa kuliko la kwanza.

Hatua ya 9: Rudini wengine wakishaondoka

Wiki ya kwanza malori yanasongamana. Wiki ya sita hakuna mtu. Wekeni pembeni sehemu ya fedha, sisi sasa tunaweka theluthi moja, kwa ajili ya wakati huo.

Janga la Hanang lilitokea Desemba, na Januari shule zinafunguliwa. Mtoto ambaye nyumba yao imefunikwa anahitaji sare, viatu, madaftari na begi, na hivyo havimo kwenye lori la unga. Mkulima ambaye shamba lake lina mawe makubwa kama meza anahitaji mbegu na jembe, pengine pia shamba la kuazima msimu mmoja. Mgane anahitaji mtu wa kumsaidia kufuatilia vyeti vilivyopotea, ofisi hadi ofisi. Fundi cherehani anahitaji cherehani moja tu, na baada ya hapo hatakuomba tena.

Mpigieni yule yule mchungaji wa kwanza. Mwambieni: “Mtumishi, tumebakiwa na kiasi hiki. Ni nani amesahauliwa?” Yeye atakuwa na majina matatu au manne mdomoni. Pelekeni kwa hao, kimya kimya, na mkae tena kwenye mkeka.

Hatua ya 10: Fungu la kudumu

Paulo aliwaagiza Wakorintho kwamba siku ya kwanza ya juma kila mtu aweke akiba kwake, ili changizo lisifanyike yeye atakapokuja. Tumelichukua agizo hilo kama lilivyo. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi kunapita kikapu kidogo cha maafa, hata kama nchi nzima ni shwari. Wengi hutia 500, wengine 1,000. Fungu hili haliazimwi kwa ajili ya rangi ya kanisa wala vyombo vya kwaya. Tuliliandika hivyo kwenye muhtasari wa kikao na wazee wote wakatia saini. Likivuka mahitaji ya kaya 40 kwa siku 7 kwa bei za mwaka huo, ziada hununua turubai, ndoo na mablanketi, vinavyokaa stoo nyuma ya ofisi, juu ya mbao ili mchwa wasivifikie.

Stoo ina kufuli mbili. Ufunguo mmoja anao mhazini, wa pili anao mama wa diakonia, na kila Juni na Desemba wanafungua pamoja, wanahesabu turubai moja moja, wanaanika mablanketi juani, na wanaandika daftarini.